Saa ya Joto na Saa ya Chipu: Utangulizi

Wanaoanza kujifunza kudhibiti joto kwa maikrokontrola wengi huanzia kwenye chipu. Hufungua mwongozo wa ATmega328P, hukutana na taima tatu na msururu wa rejista zenye majina kama TCCR1A na OCR1B, hujaza namba walizoziona kwenye mfano wa mtu mwingine, na hita huwaka. Kisha joto hukataa kutulia. Linapanda na kupitiliza, linashuka na kupitiliza tena, na mwanafunzi anarudi kwenye rejista zilezile kubahatisha namba nyingine. Utangulizi huu unashika njia nyingine. Hoja yangu ni moja: namba inayofaa kwenye rejista ya taima huanzia kwenye kitu unachokipasha joto, hupita kwenye swichi inayolisha hita na kwenye sensa, na kwenye rejista huwasili mwisho kabisa, ikiwa imeshaamuliwa.

Fani hii ni nzuri kwa sababu ndani yake fizikia, umeme na programu vinakutana mezani, na kila kimoja kinakuja na saa yake. Chipu huhesabu kwa sehemu za milioni za sekunde. Umeme wa ukutani hupita kwenye sifuri kila baada ya milisekunde 10. Sensa inahitaji robo tatu ya sekunde kutoa jibu. Kasha lenye mayai hubadilika kwa dakika nyingi. Kuandika programu dhibiti ya joto ni kuzipatanisha saa hizi, na asiyejua kwamba ziko nyingi hulaumu PID, ile hesabu inayoamua hita ipewe nguvu kiasi gani, kwa makosa ambayo si yake.

Nitatumia mfano mmoja karibu muda wote, nao ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Nimeuchagua kwa sababu mashine hizi zinaundwa na mafundi wa kwetu kwa mbao, balbu au hita, feni na bodi ndogo ya kudhibiti, na kwa sababu kazi yenyewe haina msamaha. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka nyuzijoto 37.5 kwa siku 21. Kiinitete huumizwa upesi zaidi na joto lililozidi kuliko lililopungua. Anayeweza kutuliza joto la mashine hiyo ana msingi wa kufanya kazi na jiko la maabara, jokofu la chanjo au printa ya 3D.

Mayai pia yapo mwanzoni kabisa mwa historia ya fani hii. Cornelis Drebbel, mvumbuzi Mholanzi aliyeishi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alitengeneza kasha la kuangulia mayai lililojidhibiti lenyewe. Kimiminika kilichopata joto kilitanuka, kikasukuma zebaki, na zebaki ikapunguza hewa iliyoingia motoni. Hakukuwa na umeme wala hesabu, ila mzunguko wa mrejesho ulikuwa kamili: pima, linganisha, rekebisha. Kila tunachofanya leo kwa taima ni kurekebisha kwa vipande vidogo zaidi kuliko vile zebaki ilivyoweza.

Vipande hivyo ndivyo PWM, yaani kudhibiti nguvu kwa upana wa mapigo. Hita inayoendeshwa na swichi inajua hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Ukitaka nusu ya nguvu, unaiwasha nusu ya muda na kuizima nusu iliyobaki, ukirudia mfululizo. Muda wa duru moja, kuwaka na kuzimika pamoja, tutauita kipindi. Sehemu ya kipindi ambayo hita inawaka tutaiita uwiano, nao huanzia asilimia 0 hadi 100. Bodi za bei nafuu kama W1209 hazina PWM kabisa. Huwasha hita joto likishuka chini ya kiwango na kuizima likipanda juu ya kingine, na hapo katikati zinasubiri. Kwa tangi la maji ya kuoga hilo linatosha. Kwa mayai halitoshi, kwa sababu hita inapozimwa huwa bado imebeba joto ambalo litaendelea kuingia kwenye kasha kwa dakika kadhaa. Mpishi wa wali anaijua tabia hii vizuri: hupunguza makaa kabla wali haujaiva, maana sufuria haitapoa papo hapo.

Basi tuanze na saa iliyo polepole kuliko zote. Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, washa hita kwa nguvu ndogo isiyobadilika, funga mlango wa mashine, na uandike joto kila nusu dakika hadi lisipande tena. Chora mstari. Utaona mambo mawili. Kwanza, kwa muda fulani baada ya kuwasha hakuna kinachotokea kwenye sensa; huo ni ucheleweshaji, yaani safari ya joto kutoka kwenye hita hadi kwenye sensa. Pili, joto hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha hulegea kadiri linavyokaribia kilele. Tafuta muda uliotumika kufika asilimia 63 ya kupanda kote. Huo nitauita muda bainifu wa mashine yako, na hakuna namba nyingine katika kazi hii iliyo na thamani kama huo. Kasha dogo la mbao lenye mayai ndani linaweza kuwa na muda bainifu wa dakika 20. Kichwa cha printa ya 3D, ambacho ni kipande cha alumini cha ukubwa wa kidole gumba, kina muda bainifu mfupi kuliko huo kwa mbali.

Muda bainifu unakuambia kipindi cha PWM kinaweza kurefuka kiasi gani kabla joto halijaanza kuyumba pamoja na kuwaka na kuzimika kwa hita. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kiasi cha joto ambacho hita ingeongeza juu ya joto la chumba kama ingeachwa iwake moja kwa moja, zidisha kwa kipindi, gawanya kwa muda bainifu, kisha gawanya tena kwa 4. Hapo umepata mtikisiko mkubwa kabisa, ule unaotokea uwiano ukiwa asilimia 50. Tuseme hita yetu ingeweza kuongeza nyuzi 30, muda bainifu ni sekunde 1,200, na kipindi ni sekunde 2. Jibu ni nyuzi 0.0125. Sensa ya DS18B20, ambayo mafundi wengi huitumia, hupiga hatua za nyuzi 0.0625, kwa hiyo mtikisiko huo hata hauonekani kwenye kipimo. Ukirefusha kipindi hadi dakika nzima, mtikisiko unafika nyuzi 0.375, na huo sensa inauona wazi.

Naomba msomaji asipite haraka kwenye matokeo hayo. Yanasema kwamba kwa mashine hii, kipindi cha sekunde 2 kinatosha na kuzidi. Hakuna faida yoyote ya joto itakayopatikana kwa kuongeza mapigo hadi mamia kwa sekunde. Hata hivyo, atakayetumia amri ya analogWrite kwenye Arduino Uno, bodi yenye chipu ya ATmega328P, bila kubadilisha kitu atapata Hz 490 kwenye pini nyingi na Hz 976 kwenye pini ya 5 na ya 6. Namba hizo hazikuwekwa kwa ajili ya joto. Zinafaa kwa taa na mota ndogo, na kwenye hita zinaweza kuleta madhara, kama swichi yenyewe itakavyotuonyesha.

Swichi za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni rilei ya sumaku, ile ya kiboksi cha buluu iliyoandikwa SRD-05VDC-SL-C, inayopatikana kila duka la vifaa vya elektroniki. Kiwanda kinaikadiria kufunga na kufungua mara 100,000 ikiwa na mzigo. Ukiiendesha kwa kipindi cha sekunde 2, inajifunga mara 43,200 kwa siku, na makadirio hayo yanaisha kabla siku ya tatu haijakwisha, wakati mayai yanataka siku 21. Ukitumia kipindi cha sekunde 10, utafika siku ya 11 hivi. Rilei ya sumaku basi haifai kwa PWM ya mashine hii hata kidogo, na sitakushauri uitumie kwa sababu tu ilikuwa ya bei ndogo.

Ya pili ni rilei isiyo na sehemu inayocheza, yaani SSR. Aina inayouzwa zaidi kwa hita za umeme wa ukutani husubiri volti zipite kwenye sifuri ndipo iwake, na ikishawaka haizimi hadi sifuri inayofuata. Tanzania na Kenya umeme ni wa Hz 50, kwa hiyo sifuri huja kila milisekunde 10. Hapa ndipo Hz 490 zinapogeuka balaa. Kipindi chake ni milisekunde 2 tu, kwa hiyo ndani ya nafasi moja ya SSR kuamua, maikrokontrola imeshawasha na kuzima karibu mara tano. SSR itashika lolote itakalokutana nalo wakati wa sifuri, na nguvu itakayotoka haitalingana na uwiano ulioandika. Programu inaagiza asilimia 30, hita inapata chochote.

Ukichagua kipindi cha sekunde 1, ndani yake zimo nusu-duru 100 za umeme. Maana yake una ngazi 100 za nguvu, asilimia moja moja, wala si 256 hata kama kigezo chako kwenye programu ni cha biti 8. Kwa sekunde 2 unapata ngazi 200. Anayechukua programu iliyoandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme ni wa Hz 60, akumbuke kwamba huko nusu-duru ni milisekunde 8.33 na ngazi kwa sekunde ni 120; mara nyingi namba hiyo imefichwa mahali fulani kwenye programu bila maelezo.

Ya tatu ni mosfeti, kwa hita za volti 12 au 24. Hii haina habari na sifuri za umeme wa ukutani, na inaweza kwenda kwa kasi yoyote unayotaka. Lakini kila inapowaka na kuzimika hupita katika hali ya kati ambamo yenyewe ndiyo hupata moto. Kadiri mapigo yanavyoongezeka, ndivyo muda wa hali hiyo unavyojumlika. Halafu kuna suala la volti za geti. IRFZ44N, iliyojaa madukani Kariakoo na Luthuli, inahitaji volti 10 kwenye geti ili ifunguke sawasawa. Volti 5 za Arduino huifungua nusunusu, na fundi hushangaa moto uko kwenye mosfeti kuliko kwenye hita. IRLZ44N iliundwa kufunguka kwa volti 5. Herufi moja, na mashine mbili tofauti kabisa.

Sasa, tukiwa na kipindi mkononi, twende kwenye chipu. Taima ni kihesabio kinachoongeza moja kila mpigo wa saa. Saa ya Uno hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, kasi kubwa mno kwa joto, kwa hiyo kuna kigawanyi kinachoipunguza. Kwenye taima ya 0 na ya 1 unaweza kugawanya kwa 1, 8, 64, 256 au 1024. Ukigawanya kwa 1024, kihesabio kinapiga mara 15,625 kwa sekunde, yaani kila baada ya mikrosekunde 64. Taima ya 0 ni ya biti 8 na hujaa ikifika hesabu 256, kwa hiyo hata ukiipunguza kabisa haitavuka milisekunde 16.4. Haiwezi kutoa kipindi cha sekunde 2 peke yake. Taima ya 1 ni ya biti 16. Inaweza kwenda hadi hesabu 65,536, ambazo ni sekunde 4.19. Hiyo ndiyo inayotufaa.

Tunaiweka katika hali ya PWM ya haraka ambamo kilele, yaani hesabu ya mwisho kabla kihesabio hakijarudi 0, kinasomwa kwenye rejista ya ICR1, na kwa sekunde 2 tunaandika 31249. Si 31250, kwa sababu kihesabio huanzia 0, na 0 nayo ni hesabu moja. Kosa hilo la moja halionekani kwenye joto, ila ukilizoea litakuumbua siku utakayofanya kazi na kilele kidogo. Kwenye chipu za STM32 huja mara mbili, kwa kuwa kigawanyi nacho huandikwa kwa kupungua moja. Uwiano unaandikwa kwenye OCR1A: 15624 ni nusu ya nguvu. Kuanzia hapo taima inaendesha pini yenyewe, na programu inaingia tu pale inapotaka kubadilisha uwiano.

Kuna mambo mawili ya ndani ambayo mwongozo wa chipu unayataja kwa sentensi fupi, nami nataka yakae kichwani mwako. La kwanza ni sifuri isiyo sifuri. Katika hali hii ya PWM, ukiandika 0 kwenye OCR1A pini haikai chini. Kila kipindi inachomoza kwa hesabu moja, mikrosekunde 64 kwa mpangilio wetu. Moto wake ni mdogo sana, lakini SSR ikikutana na chomozo hilo karibu na sifuri ya umeme inaweza kuachilia nusu-duru nzima. Ukitaka hita izimike, iondoe pini mikononi mwa taima na uishushe kwa mkono. Amri ya analogWrite hufanya hivyo kimyakimya unapoipa 0, ndiyo maana wengi hawakuwahi kulijua tatizo hili hadi walipoanza kuandika rejista wenyewe.

La pili ni lini namba mpya inaanza kufanya kazi. Katika PWM ya haraka, thamani mpya ya OCR1A husubiri hadi kipindi kipya kianze, na hilo ndilo tunalolitaka. Lakini katika hali ya CTC, ambamo kihesabio hurudi 0 kikikutana na thamani ya OCR1A na ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni rahisi kueleweka, thamani mpya huingia papo hapo. Kihesabio kikiwa kimefika 20000, nawe ukaandika 15000, hakitakutana tena na namba hiyo katika safari ile. Kitaendelea hadi 65535 ndipo kirudi mwanzo. Kipindi kimoja kinarefuka bila taarifa, na kama hita ilikuwa inawaka, inaendelea kuwaka. Kasoro za aina hii hujitokeza mara chache na kupotea, na anayezitafuta bila kujua hali hizi mbili za taima atazitafuta kwa muda mrefu.

Ushauri mwingine hapo hapo: usiiguse taima ya 0 kwenye Arduino. Amri zake za millis na delay, zinazohesabu muda, zinaitegemea. Ukibadilisha kigawanyi chake ili kupata PWM ya polepole, saa yote ya programu inabadilika pamoja nayo, na PID inayohesabu muda kwa millis inaanza kufanya hesabu za dunia nyingine. Waandishi wa Marlin walilitatua jambo hili vizuri sana. Marlin ni programu dhibiti ya printa za 3D iliyoanzishwa na Erik van der Zalm mwaka 2011, ikitokana na vuguvugu la RepRap ambalo Adrian Bowyer alilianzisha Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005. Kwenye bodi za AVR, jamii ya chipu ambayo ATmega ni mojawapo, waliiacha taima ya 0 iende kama kawaida, mara 976 kwa sekunde, wakapachika katizo lao, yaani kipande cha programu kinachoitwa na taima, kwenye nafasi ya ulinganisho ambayo Arduino haikuwa inaitumia. Kila katizo linaongeza kihesabio cha programu chenye ngazi 128, na hivyo PWM ya hita inakwenda kwa Hz 7.6 hivi. Kwa kipande kidogo cha alumini hiyo ni kasi tulivu kabisa. Ipo pia sehemu ya mipangilio inayomwezesha mtumiaji kuongeza kasi mara mbili kwa kila ngazi anayopanda, na kila mara anapoteza nusu ya ngazi za nguvu. Kasi na udogo wa hatua hununuliana. Hiyo ni sheria ya kila taima, na kwenye chipu ya ESP32 utaikuta kwa sura nyingine: saa ya MHz 80 ikigawanywa kwa ngazi za biti 16 haikupi zaidi ya Hz 1,220.

Sensa ndiyo saa inayosahaulika. DS18B20 katika usahihi wa biti 12 huchukua milisekunde 750 kumaliza kipimo kimoja. Maktaba ya PID ya Arduino iliyoandikwa na Brett Beauregard, ambayo kila mtu huanza nayo, huhesabu kila milisekunde 100 usipoiambia vinginevyo. Viweke pamoja uone kinachotokea. PID inasoma namba ileile mara saba au nane, ikiamini kwamba joto limesimama kabisa. Kisha namba inaruka hatua moja ya 0.0625, na PID inasoma mruko huo kana kwamba joto limepanda kwa nyuzi 0.625 kwa sekunde. Sehemu inayopima mwelekeo inashtuka na kuikata hita, mara inayofuata inasahau. Fundi akiona hivyo huondoa sehemu ya mwelekeo na kutangaza kwamba haifai kwa joto. Inafaa. Ilichohitaji ni kuhesabiwa mara moja kwa sekunde au hata mara moja kwa sekunde 2, kwa kipimo kipya kila mara. Kwa kasha lenye muda bainifu wa dakika 20, hakuna kinachopotea.

Njia salama ni kuifunga sensa na PWM kwenye taima moja. Kipindi kinapoanza, chukua kipimo kilichokwisha, fanya hesabu, andika uwiano mpya, agiza kipimo kinachofuata. Ukiviacha kila kimoja kiende na saa yake, vikakaribiana bila kulingana, vitaleta mawimbi ya uongo. PWM ya sekunde 1 na kipimo cha kila sekunde 1.02 vitakutana na kuachana kila sekunde 51. Ikiwa hita inaingiza hata kelele kidogo kwenye waya wa sensa, utaona joto likipanda na kushuka kwa mwendo huo, na PID itaanza kufukuza kitu ambacho hakipo ndani ya kasha. Kwa themista inayosomwa na ADC, yaani kigeuzi cha volti kuwa namba, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mkondo wa hita hushusha au kupandisha volti za waya wa ardhi. ADC ya ATmega inaweza kuamshwa na taima yenyewe. Iamshe wakati hita imezimika.

Na kwa kuwa tumetaja DS18B20: ikisoma 85 kamili, usiiamini. Hiyo ndiyo namba inayokaa ndani yake inapowashwa, kabla haijapima chochote. Waya uliolegea ukikatika na kushika tena, programu itapokea 85, itazima hita, na mayai yatapoa huku skrini ikisema yanaungua.

PID yenyewe itapata sura zake mbele, kwa hiyo hapa nitaigusa tu: ina sehemu tatu, ya kwanza hufuata ukubwa wa kosa, ya ulimbikizo hujumlisha makosa yaliyopita, na ya mwelekeo hufuata kasi ya mabadiliko. Nicolas Minorsky aliieleza kihesabu mwaka 1922 alipokuwa akichunguza usukani wa meli. Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols wakatoa njia ya kuipatia namba: ongeza nguvu ya sehemu ya kwanza hadi mfumo uanze kuyumba bila kukoma, pima kipindi cha kuyumba, kisha chukua asilimia 60 ya nguvu hiyo, nusu ya kipindi kwa sehemu ya ulimbikizo na moja ya nane kwa sehemu ya mwelekeo. Karl Johan Åström na Tore Hägglund wakaonyesha mwaka 1984 kwamba mfumo unaweza kuyumbishwa kwa usalama kwa kuwasha na kuzima tu, na mbinu hiyo imekuwa msingi wa programu nyingi zinazojirekebisha zenyewe. Namba za Ziegler na Nichols ni kali. Zinakubali joto lipitilize kisha lirudi, jambo linalovumilika kiwandani lakini si kwenye mayai. Mimi huzichukua kama mahali pa kuanzia na kupunguza nguvu ya sehemu ya kwanza hadi nusu.

Linalohusu taima ni hili: namba za PID hazina maana bila muda uliotumika kuzipata. Ukizipata kwa hesabu ya kila sekunde 1, kisha ukahamia kila sekunde 2 na programu yako hailisawazishi hilo, sehemu ya ulimbikizo na ya mwelekeo zimebadilika hata kama hukugusa namba yoyote. Amua vipindi kwanza, rekebisha PID baadaye, na usirudi nyuma kugusa vipindi. Ulimbikizo nao lazima uwekewe mpaka. Mashine inapowashwa asubuhi kutoka nyuzi 25, kosa linalimbikizwa njia nzima huku hita ikiwa tayari kwenye asilimia 100, na deni hilo lote hulipwa kwa kupitiliza. Lakini usiuondoe. Volti zikishuka jioni kutoka 230 hadi 200, hita inabaki na robo tatu tu ya nguvu yake, na ulimbikizo ndio unaoongeza uwiano hadi mayai yasijue kilichotokea mtaani.

Jambo moja limebaki, nami sikubali mtu aingie sura ya kwanza bila kulisoma. PWM ya taima inaendelea hata programu ikikwama. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo hatari yake. Programu ikinasa mahali inasubiri sensa isiyojibu wakati uwiano uko asilimia 90, taima itatoa asilimia 90 hadi umeme ukatike. Kwa hiyo washa kihesabio cha ulinzi cha chipu, kile kinachoianzisha upya programu isipotoa ishara kwa wakati. Kwenye ATmega328P kinaweza kusubiri hadi sekunde 8, na sekunde 4 zinatosha hapa. Toa ishara hiyo mahali pamoja tu, baada ya kipimo kipya na halali kupatikana, kamwe usiitoe ndani ya katizo la taima, kwa sababu katizo linaweza kuendelea kufanya kazi wakati programu kuu imekufa. Chipu inapoanza upya, pini zake zote zinaelea, si juu wala chini. Rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye geti ya mosfeti hadi ardhini ndiyo inayoshikilia hita izimike katika muda huo. Kuhusu SSR, ikifa mara nyingi hufa ikiwa imefunga, umeme ukipita moja kwa moja, na hapo hakuna taima wala PID itakayoizima. Funga fyuzi ya joto kwenye waya wa hita, ndani ya kasha lenyewe, ifungwe kabla ya kuwasha umeme kwa mara ya kwanza na kabla ya jaribio lolote lililoelezwa humu.